Ngamia, Farasi na Hesabu Zake: Majibu kwa Wasomaji wa Safu ya Gemu

Kapu la barua limejaa ngamia. Wapo wanaolalamika kwamba hawafanyi kazi, wapo wanaouliza wajenge mazizi mangapi, na yupo mmoja anayetaka kujua kama kweli farasi humwogopa ngamia. Gemu ni ileile, Age of Empires II: Definitive Edition, gemu ya kompyuta ya kujenga uchumi na kupigana, ambayo enzi zake tunazotaja hapa hufuatana hivi: Ukabaila, Ngome, kisha Kifalme. Tukubaliane kwanza kuhusu majina: tukisema "farasi mzito" tunamaanisha yule ambaye kitufe chake kimeandikwa Knight, "farasi mwepesi" ni mpelelezi na wale wanaomfuata kwa cheo, na "ngamia" ni Camel Rider. Sekunde zote tunazotaja ni za saa ya gemu, ambayo kwa kasi ya kawaida hukimbia mara 1.7 ya saa ya ukutani. Namba hubadilishwa kidogo katika masasisho, kwa hiyo ukiona tofauti, amini mti wa teknolojia ulio mbele yako kuliko sisi.

Nilicheza na Wabizanti dhidi ya Wafranki. Mwenzangu alikuja na farasi wazito 8, nikamtolea ngamia 8. Wangu wote wamekufa, kwake wamebaki watatu. Si tunaambiwa ngamia ndiye dawa ya farasi?
*Kijana wa Kihonda, Morogoro*

Dawa ni hiyohiyo, ila ulitoa nusu ya dozi. Tuanze na hesabu, maana kwenye gemu hii ngamia haeleweki bila hesabu.

Ngamia ana uhai 100, pigo 6, kinga sifuri, na hupiga kila baada ya sekunde 2. Farasi mzito ana uhai 100, pigo 10, kinga 2 dhidi ya silaha za mkononi na 2 dhidi ya mishale, na hupiga kila baada ya sekunde 1.8. Silaha ya ngamia ni nyongeza ya 9 dhidi ya wapanda farasi, na nyongeza hiyo haiguswi na kinga ya kawaida. Kwa hiyo pigo lake kwa farasi ni 6 toa 2, jumlisha 9, yaani 13. Farasi naye anampiga ngamia 10 kamili.

Wakikutana wawili ambao hawajaboreshwa kitu, ngamia anahitaji mapigo 8. La kwanza likiingia sekunde ya sifuri, la nane linaingia sekunde ya 14. Farasi anahitaji mapigo 10, na la kumi linaingia sekunde ya 16.2. Ngamia anashinda, lakini anatoka na uhai 20 tu. Huyu si mtu wa mkuki anayemtoboa farasi mara chache mambo yakaisha. Ushindi wake ni mwembamba, na kitu kidogo tu kinaugeuza.

Kwako uligeuzwa na mambo mawili. Farasi wa Wafranki wana uhai zaidi kwa asilimia 20 bila kulipia chochote, kwa hiyo wanafika 120. Wabizanti hawana Bloodlines, ile teknolojia ya zizi inayoongeza uhai 20 kwa kila mpanda mnyama, kwa hiyo ngamia wako wamebaki na 100. Sasa ngamia anahitaji mapigo 10, la mwisho sekunde ya 18, na yeye anakufa sekunde ya 16.2. Akianguka, farasi aliye mbele yake amebakiwa na uhai 3. Umekosa kidogo mno, lakini kwenye vita vya wanane kwa wanane kukosa kidogo ni kukosa kabisa, maana farasi aliyebaki na uhai 3 bado anapiga 10.

Kosa lako halikuwa kuchagua ngamia. Ulihesabu vichwa badala ya kuhesabu gharama. Ngamia wa kawaida hugharimu chakula 55 na dhahabu 60, jumla 115. Farasi mzito ni chakula 60 na dhahabu 75, jumla 135. Wabizanti wanapunguziwa robo ya bei ya ngamia, hivyo wewe unamtoa kwa chakula kama 41 na dhahabu 45. Farasi 8 wa mwenzako walimgharimu 1,080. Kwa fedha hiyo ungeweka uwanjani ngamia 12, tena ungebakiwa na chenji. Kumi na wawili kwa wanane wanashinda bila wewe kushika hata panya. Wabizanti wakitoa ngamia kwa idadi sawa na farasi wa Wafranki, wanajitafutia msiba.

Dhahabu ni chache Enzi ya Ngome. Nianze na boresho lipi: uhai, silaha au kinga?
*Fundi Simu, Kisumu*

Uhai, kisha kinga, kisha silaha. Watu wengi hukimbilia silaha, na ndipo wanapokosea.

Bloodlines hugharimu chakula 150 na dhahabu 100, na unaweza kuifanya tangu Enzi ya Ukabaila. Ngamia anatoka 100 hadi 120, hivyo farasi anahitaji mapigo 12 badala ya 10. Ukishajua kwamba utatoa ngamia zaidi ya saba au wanane, usisite.

Baada ya hapo linganisha vitu viwili vya kwa mhunzi vyenye bei moja, chakula 150 kila kimoja: Forging inayoongeza pigo 1 na Scale Barding Armor inayoongeza kinga 1. Chukua ngamia wa uhai 120 dhidi ya farasi wa uhai 120. Ukiongeza pigo, unapanda kutoka 13 hadi 14, na mapigo unayohitaji yanashuka kutoka 10 hadi 9. Ukiongeza kinga, pigo la farasi linashuka kutoka 10 hadi 9, na mapigo anayohitaji yanapanda kutoka 12 hadi 14. Kinga imekupa zaidi. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya pigo la ngamia ni ile nyongeza ya 9, kwa hiyo pigo 1 juu yake ni tone. Tena kinga hiyohiyo inafanya kazi dhidi ya mishale, na mishale ndiyo inayowaua ngamia wengi kuliko farasi.

Ila usiache silaha kabisa. Mpinzani mwenye ngazi zote mbili za kinga, wakati wewe huna hata moja ya silaha, anapunguza pigo lako hadi 11, na farasi wa 120 anakuwa kazi ya mapigo 11. Akiwa na ngazi mbili za silaha anakupiga 12. Hapo hata Bloodlines haikuokoi.

Mazizi mangapi, na wanakijiji wangapi nyuma yake?
*Mzee wa Zizi, Nakuru*

Mawili yanatosha kwa kituo kimoja cha mji. La tatu huwa linakaa bila kazi.

Ngamia mmoja anatoka kwa sekunde 22, wakati farasi mzito anachukua 30. Zizi moja lisiposimama hutoa karibu ngamia 2.7 kwa dakika, na hilo hula chakula 150 na dhahabu 164. Mkulima mmoja, ukihesabu na kutembea kwake, huleta chakula kati ya 18 na 20 kwa dakika. Mchimba dhahabu huleta kama 22. Kwa hiyo kila zizi linataka wakulima 8 na wachimbaji 7 au 8. Mazizi mawili ni wakulima 16 na wachimbaji 15. Kituo cha mji nacho kinaendelea kutoa wanakijiji kwa chakula 120 kwa dakika, hao ni wakulima 6 wengine. Waliobaki wakate miti: mashamba yanaisha na kupandwa upya, na ngamia wanahitaji nyumba za kulala.

Kuvuka kwenda Enzi ya Ngome kunataka chakula 800, dhahabu 200 na majengo mawili ya Enzi ya Ukabaila. Jenga zizi kwa mbao 175 na kiwanda cha mhunzi kwa mbao 150. Yote mawili ni ya ngamia, na yanakuvusha. Wengi wanajenga soko kwa sababu ni mazoea, halafu wanafika ng'ambo na kuanza kutafuta mbao za kiwanda cha mhunzi huku farasi wanagonga mlango.

Safari yenyewe huchukua sekunde 160. Hizo sekunde ndizo za kuhamisha watu: toa wakata miti wanne au watano uwapeleke dhahabu, jenga zizi la pili, fanya Bloodlines. Ukifika uwe na chakula 110 na dhahabu 120 mkononi ili mazizi yote mawili yaanze papo hapo. Tofauti ya sekunde 8 kati ya ngamia na farasi inajumlishwa: katika dakika 2 za mwanzo mazizi yako mawili hutoa ngamia 10, na mazizi mawili ya mpinzani hutoa farasi 8. Ukianza kwa wakati huohuo, kila dakika inayopita idadi inaelemea upande wako. Ukichelewa dakika moja, umempa zawadi.

Nimeingia kwa mpinzani na ngamia 6, hakuna askari hata mmoja, lakini wanakijiji wake wamechelewa kufa mpaka wakaingia ndani ya kituo cha mji.
*Baba Shamsa, Mombasa*

Ndivyo walivyo. Mwanakijiji aliyeboreshwa kwa teknolojia ya Loom ana uhai 40 na kinga 1 dhidi ya silaha za mkononi. Farasi mzito anampiga 9, mapigo 5, sekunde 7 zimetosha. Ngamia anampiga 5, mapigo 8, sekunde 14. Nyongeza yake haina kazi kwa mtu anayetembea kwa miguu. Ukitaka kuvuruga uchumi kwa ngamia, usiwagawe: wote 6 kwa mtu mmoja, halafu mwingine. Na usikae. Mishale ya kituo cha mji inawatoboa ngamia kuliko farasi. Kazi ya safari hiyo ni kumlazimisha afunge kazi kwa nusu dakika, ukipata wanakijiji watatu umshukuru Mungu.

Mpinzani akishaona ngamia, anaacha farasi na kuleta mikuki au wapiga mishale. Hapo ngamia wangu wanakuwa mzigo. Nifanyeje?
*Asiyekata Tamaa, Chake Chake*

Swali hili ndilo lililoletwa na wengi, na ndilo lenye uzito. Ngamia anashinda pale tu mpinzani ameshalipia farasi. Akiacha farasi, kila ngamia anayetoka zizini baada ya hapo ni dhahabu 60 iliyotupwa. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua wakati wa kusimama. Sisi huwa tunashauri hivi: ukifikia idadi inayolingana na farasi wake unaowaona, simamisha zizi moja. Ukiwazidi kwa wawili watatu, simamisha na la pili. Ngamia wanaokaa bila farasi wa kupiga hawaivi kama embe kapuni.

Mishale kwanza. Mwenye upinde wa mtambo aliyeboreshwa ngazi mbili ana pigo 7. Ngamia wa uhai 120 asiye na kinga anakufa kwa mishale 18. Akiwa na ngazi ya kwanza ni 20, ya pili ni 24. Farasi mzito wa uhai huohuo mwenye ngazi zote mbili anahimili mishale 40. Usidanganyike na mwendo wao kwamba wanaweza kuvamia safu ya wapiga mishale kama farasi wanavyofanya. Wapiga mishale 15 wakifyatua pamoja wanaangusha ngamia mmoja kila mara ya pili, hata kabla hajafika. Ukiona majengo mawili ya wapiga mishale yanajengwa, toa warusha mikuki wenye ngao, wale wa chakula 25 na mbao 35. Hawali dhahabu, wana nyongeza dhidi ya wapiga mishale, na wana nyongeza pia dhidi ya watu wa mikuki mirefu. Yaani wanajibu yote mawili anayoweza kukuletea.

Mikuki mirefu ni hadithi nyingine. Mtu wa mkuki ni chakula 35 na mbao 25, ana nyongeza dhidi ya ngamia ambayo ni ndogo kuliko ile dhidi ya farasi, lakini inatosha kukuua. Dawa yake ni miguu. Yeye anatembea kasi ya 1.0, ngamia 1.45. Hakulazimishi kupigana usipotaka. Waondoe ngamia, wazungushe upande wa pili wa mji wake, apige hatua kuwafuata huku warusha mikuki wako wakimchoma kisogo. Balaa hutokea pale mtu anapoamuru shambulio la kutembea kisha anageuka kushughulikia mashamba: ngamia hupiga yule aliye karibu nao, na aliye mbele siku zote ni mwenye mkuki.

Kumbuka pia kwamba kubadilika kwake kuna bei. Kupandisha watu wa mikuki daraja la Enzi ya Ngome ni chakula 215 na dhahabu 90. Kupandisha wapiga mishale ni chakula 125 na dhahabu 75, juu ya majengo na teknolojia za mhunzi ambazo alikuwa amezielekeza kwa farasi. Ana dakika mbili hivi za udhaifu. Ukiwa na ngamia 10 na yeye ana farasi 5 na wapiga mishale 4, huo si wakati wa kurudi nyumbani kujenga kituo cha mji cha pili. Piga wale farasi 5 waishe, kisha urudi.

Farasi wanakuja, wanaua wakata miti wawili, wanakimbia. Ngamia wangu wanawafukuza ramani nzima bila kuwafikia, ingawa wana kasi zaidi.
*Dereva Bodaboda, Arusha*

Ngamia ana kasi ya 1.45, farasi mzito 1.35. Tofauti ni kigae kimoja cha ramani kwa kila sekunde 10. Akikutangulia vigae vitatu utamfikia baada ya nusu dakika, na wakati huo yuko chini ya ngome yake. Mbaya zaidi, akiwa na Husbandry, teknolojia ya kuongeza kasi ya wanyama, na wewe huna, yeye ni 1.485 na wewe 1.45: humpati leo wala kesho. Hiyo Husbandry ni chakula 150 tu, lakini watu wanaiahirisha mpaka mchezo unaisha.

Usifukuze kwa nyuma. Gawa ngamia makundi mawili, kila moja na namba yake kwenye kibodi. Kundi la watatu wanne likae kati ya msitu na mgodi wako wa dhahabu, si langoni. Kundi kubwa likae njia anayopitia kurudi kwake. Farasi wakiingia, kundi dogo linawasukuma na kubwa linawapokea. Wakikimbia wakiwa wamejeruhiwa, usiwaamuru ngamia wampige mmoja. Waamuru watembee hadi mahali palipo mbele yao, kisha washambulie.

Kwa farasi wepesi hesabu ni tofauti. Wao wana 1.5 au zaidi, na ngamia hawawafikii kabisa. Hapo ukuta wa mbao na ngamia wawili waliosimama kwenye mashamba wanakufaa kuliko ngamia kumi wanaokimbia. Wapiga mishale waliopanda farasi nao wanaangukia kwenye ile nyongeza, na kwa 1.4 ngamia wanawafikia taratibu. Wabane kwenye kona ya msitu, usiwaendee uwanja wazi.

Ni taifa gani lenye ngamia bora? Na je, mataifa ya Afrika?
*Mwanafunzi, Kampala*

Wahindustani. Hawana farasi wazito kabisa, kwa hiyo ngamia ndiye uti wa mgongo wao. Wanapiga haraka zaidi kwa asilimia 20. Ile kazi ya mapigo 10 dhidi ya farasi wa uhai 120, ambayo wengine humaliza sekunde ya 18, wao wanaimaliza kama sekunde ya 15, na ngamia wa uhai 120 anabaki na 30 badala ya kuponea chupuchupu. Enzi ya Kifalme wana daraja la tatu ambalo wengine hawana, kwa chakula 1,200 na dhahabu 600, na uhai wake wa msingi unafika 140.

Wasarasini wana ngamia wenye uhai zaidi. Wagurjara wanaanza kutoa mpelelezi wa ngamia tangu Enzi ya Ukabaila, wakati wengine wote wanasubiri Enzi ya Ngome. Akikutana na mtu aliyezoea kuvamia mapema kwa farasi wepesi, ni kilio.

Kwa Afrika, Waberberi ndio tunaowapenda. Zizi lao lina punguzo la asilimia 15 Enzi ya Ngome na 20 Enzi ya Kifalme. Ngamia anashuka hadi chakula 44 na dhahabu 48. Wakifanya Maghrebi Camels, ngamia wanajiponya wenyewe, jambo linalobadilisha namna ya kucheza: aliyejeruhiwa unamrudisha nyuma akapumzike, humtupi. Wamali wana Farimba kwa chakula 650 na dhahabu 400, inayoongeza pigo 5, ila hawana ngazi ya mwisho ya silaha kwa mhunzi. Pigo hilo la 5 linatibu pia ule udhaifu wa ngamia mbele ya wanakijiji na majengo. Waethiopia wana ngamia, lakini bila Bloodlines na bila ngazi ya mwisho ya kinga; kwao toa wawili watatu wa dharura, kazi yenyewe waachie wapiga mishale.

Nimetoa ngamia 20 dhidi ya wale farasi wenye nguo za chuma wa Wabizanti, hata hawakuwakwaruza. Gemu ina hitilafu?
*Mchungaji wa Ngamia, Garissa*

Haina. Huyo Cataphract ana kinga ya pekee ya 12 dhidi ya silaha zote za kuua farasi, na akipandishwa daraja inakuwa 16. Nyongeza yako ya 9 inamezwa yote. Unabaki na 6 toa kinga yake 2, yaani 4. Kwa uhai wake wa 110 unahitaji mapigo 28. Hata ngamia mzito wa Enzi ya Kifalme, mwenye nyongeza ya 18, anabakiwa na 2 tu mbele ya yule aliyepandishwa. Mikuki nayo huyeyuka vilevile, na zaidi ya hapo yeye ameumbwa kuwaua watu wa miguu. Leta wapiga mishale na watawa. Ngamia waache nyumbani.

Enzi ya Kifalme mpinzani ana Paladin. Niendelee na ngamia au nihamie mikuki?
*Jirani wa Ziwa, Mwanza*

Linganisha kwanza njia ya kufika. Kutoka farasi mzito hadi Paladin, daraja lake la juu kabisa, mpinzani analipa chakula 1,600 na dhahabu 1,050 kwa hatua mbili, na hatua ya mwisho peke yake ni sekunde 170. Ngamia mzito ni chakula 325 na dhahabu 360. Utafika kabla yake, na ule muda wa katikati ndio mtamu: ngamia wazito dhidi ya farasi ambao bado hawajapanda.

Wote wakiwa na maboresho yote, ngamia mzito anampiga Paladin 24. Paladin wa Wafranki ana uhai 192, mapigo 8 kamili bila kubaki hata moja. Yeye anakupiga 15, na ngamia wa uhai 140 anaanguka kwa mapigo 10. Unashinda. Lakini ukikosa ngazi ya mwisho ya silaha, 24 inakuwa 22 na mapigo yanakuwa 9. Wabizanti wanaikosa ngazi hiyo na Bloodlines pia: ngamia wao wa 120 anaanguka kwa mapigo 8, karibu sekunde ya 13, wakati ngamia huyo angemaliza kazi sekunde ya 16. Ule ushauri wa wingi tuliompa kijana wa Kihonda unarudi palepale.

Kuhusu mikuki: yule wa daraja la juu ana nyongeza ya 32 dhidi ya farasi na hali dhahabu. Muda wote mgodi wako wa dhahabu ukiwa hai, changanya: mikuki isimame mbele ya mitambo na ngome yako, ngamia wawinde pembeni. Dhahabu ikikauka, ngamia uliobaki nao walinde mashamba tu. Usiuze chakula sokoni ili kununua dhahabu ya ngamia; bei ya soko inaporomoka kila unapouza.

Natumia intaneti ya simu na amri zangu zinachelewa. Ngamia wanafaa?
*Wa Ufukweni, Mtwara*

Kuliko wapiga mishale, ndiyo. Mpiga mishale anataka amri kila sekunde: piga, rudi, piga. Ngamia wakishaelekezwa kwa farasi wanafanya kazi yao. Panga safari yao kwa kushikilia Shift na kubofya vituo kimoja baada ya kingine, uwaweke kwenye doria badala ya kuwaongoza mmoja mmoja, na kabla ya kuanza angalia kipimo cha ucheleweshaji kwenye chumba cha kusubiria.

Kihistoria, ni kweli farasi anamwogopa ngamia? Na Wamamluki walipanda ngamia kama kwenye gemu?
*Mwalimu wa Historia, Unguja*

La kwanza lina msingi. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anaeleza jinsi Koreshi wa Uajemi, alipokabiliana na Kroesus wa Lidia karibu na Sardi katika karne ya 6 kabla ya Kristo, alivyowashusha mizigo ngamia wa msafara wake, akawapandisha askari na kuwaweka mbele ya jeshi. Farasi wa Walidia walipoona na kunusa wakageuka, na wapanda farasi wakalazimika kushuka wapigane kwa miguu. Farasi aliyelelewa pamoja na ngamia hawi hivyo, ndiyo maana hila hii haikuwa na nguvu mahali ambapo wanyama hao wawili huishi zizi moja.

La pili, hapana. Wamamluki wa Misri, askari wenye asili ya utumwa waliokuja kutawala, walikuwa wapanda farasi, na ni juu ya farasi waliposhinda jeshi la Wamongolia Ain Jalut mwaka 1260. Yule wa kwenye gemu, anayerusha panga akiwa juu ya ngamia kwa chakula 55 na dhahabu 85, ni ubunifu wa watengenezaji. Hata hivyo anafanya kazi vizuri: anapiga akiwa umbali wa vigae vitatu, hivyo mstari wa nyuma nao unapiga wakati ngamia wa kawaida wanasukumana kutafuta nafasi. Mlinde tu na mishale, kwa kuwa akiwa bado hajapandishwa daraja uhai wake wa msingi ni 65.